Jina la Saba la Mti

Paliondokea kasuku mmoja, bingwa wa lugha, aliyekaa juu ya mti mkubwa. Desturi ya msitu ule ilikuwa kuuamkia mti kwa jina kabla ya kula tunda lake, na kasuku ndiye aliyeyahifadhi majina na maana zake. Nyuki waliuita Mtangulia Mvua, kwa kuwa ulichanua kabla ya masika. Tembo waliuita Mkuna Mgongo, na gome lake lilikuwa shahidi. Kasuku alikuwa na majina sita, na aliyatamka kwa madaha kama bwana harusi.

Siku moja fuko akachomoza kichwa udongoni. "Sisi tunauita Mficha Maji," akasema.

Kasuku akaangua kicheko. "Ewe mchimba mashimo, hata jani lake hujaliona! Hilo silipokei."

"Nawe mzizi wake hujauona," fuko akajibu, akarudi zake chini.

Mwaka ule masika hayakuja. Mto ukakauka. Kasuku aliuita mti kwa majina yote sita hadi koo likamkauka, ndipo akalikumbuka lile alilolikataa. Akaumeza ujuvi wake, akamwita fuko. Fuko akawaonyesha tembo pa kuchimba, kando ya mzizi mkuu, na maji yakabubujika.

Wote walikunywa isipokuwa kasuku, aliyejikunyata tawini kwa aibu.

"Bwana Fuko," akasema, "nifundishe lugha yenu."

Fuko akatunisha kifua chake chenye udongo. "Somo la kwanza ni kushuka," akasema. "Shuka unywe."