Maji ya Bwawa la Kwanza

Mwaka ule wa ukame, maduka ya watu binafsi yakichipuka kila kona ya Songea, fundi Thadei alikoroga zege kwa majitaka yaliyosafishwa, ya bwawa la mwisho kati ya yale ya kusafishia majitaka ya mji. Nguzo zote zilishika vizuri.

Asubuhi ya kung'oa mirunda, miti iliyoshikilia sakafu ya juu, alipanda juu ya ghorofa, akakwaruza zege kwa msumari. Ukazama nusu, na penye tundu pakatoka harufu ya choo.

Akamgeukia dereva wa boza la maji. "Maji ya zege hili uliyachota bwawa lipi?"

"La kwanza, fundi. Lile la yaliyosafishwa lilikauka, na tajiri mwenye jengo alisema kazi isisimame."

Thadei akakimbilia ukingoni. Chini, vibarua walikuwa wakiimba.

"Acheni! Tokeni humo!"

Nyundo ikagonga mrunda wa kwanza.