Saini ya Mzee Mbaruku

Mwenyekiti Shekuwe alimsukumia Bi. Zaituni, katibu wa kampuni, muhtasari wa kikao cha bodi ambacho hakikufanyika. Kama kawaida, dereva aliuzungusha majumbani na wakurugenzi wakatia saini bila kusoma. Safari hii walikuwa wamekubali kwa kauli moja kwamba korosho za nchi jirani ziuzwe ng'ambo kama za hapa.

“Piga muhuri, mama. Wakili wa wanunuzi anangoja hapo nje.”

Bi. Zaituni akapitia majina.

“Mzee Mbaruku naye katia saini juzi?”

“Si unaiona?”

“Tulimzika mwezi uliopita. Wewe ndiye uliyesoma wasifu wake.”

Mwenyekiti akajikuna shingo. “Basi mjane wake kamsaidia. Si yale yale?”

Bi. Zaituni alimtazama kama anayemtazama mende kwenye sukari. Akautoa muhuri na chupa ya wino, akaviweka mbele yake.

“Piga mwenyewe.”

Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuushika, akauchovya kama mandazi kwenye chai.

Bi. Zaituni akafungua mlango. “Karibu, wakili. Uje ushuhudie.”

Mwenyekiti alibaki ameuinua muhuri hewani, tone zito la wino likining'inia juu ya jina la marehemu.