Majivu ya Ndahani

Ndahani alifungua kifuko cha majivu, akakitikisa aone upepo unakoelekea. Majivu yakapeperuka moja kwa moja upande wa tandala dume aliyesimama kichakani. Kule kwenye pori la umma, alikowinda kwa kibali miaka thelathini, upepo kama huo ungemkimbiza mnyama mpaka ng'ambo ya mto. Hapa palikuwa ndani ya uzio wa tajiri, na kazi yake ilikuwa kumzungusha mgeni mwenye bunduki saa tatu nzima, ajione naye kawinda.

"Mzee, hajatunusa?" mgeni alinong'ona.

"Ametunusa."

"Mbona hakimbii?"

Ndahani akakifunga kifuko. Magoti yalimuuma. Kila asubuhi yeye ndiye aliyempelekea tandala huyo debe la pumba. Leo bosi alimkataza, ili mnyama awe na njaa.

Tandala akatoka kichakani kwa mwendo wa mbuzi anayerudi zizini. Akasimama mbele ya Ndahani, akaanza kunusa mifuko ya koti lake.

"Sogea, mzee! Umenikinga!"

"Kule porini," Ndahani alisema taratibu, "hawa hawakuwahi kunikaribia hata hatua mia."

"Hadithi utanipa jioni. Sogea, nimeshalipia!"

Akimkosesha mgeni huyu pembe alizolipia, kibarua kitaota nyasi, naye alilijua hilo. Akapiga hatua moja pembeni.

Tandala naye akasogea, bado amekingwa na mwili wake.

Ndahani akapiga hatua ya pili.