Mdudu wa Rubani

"Leo ndiyo mwisho," Zedekiah alisema, akiifuta kanda vumbi kwa ncha ya shati. "Kesho narekodi mpira juu yake. Hata mende wa humu ndani wameichoka."

Ukumbi wake wa vidio pale Kariobangi ulikuwa wa mabati, mabenchi manane, na televisheni moja iliyofungiwa kwenye kizimba cha vyuma kama mshukiwa wa wizi. Kila filamu iliyoingia mle ilihukumiwa na watazamaji, kwa sauti, bila wakili. Hii ilikuwa imehukumiwa kunyongwa. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu kuliko hadithi yenyewe, kwa hivyo watu waliiita Rubani.

Rubani alikwenda nyota ya mbali, akarudi nyumbani na mdudu ndani ya mwili. Hakumwambia mkewe. Alikula naye, akalala naye, akanyamaza. Basi. Saa moja na nusu, hakuna bunduki, hakuna hata teke la bahati mbaya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeipenda. Nzivo, dereva wa lori la kwenda Malaba, alikuwa ameitazama mara tatu, na Jumapili hii alimsihi Zedekiah aiweke tena ili amlete mkewe.

Sababu yake ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti: karatasi ya hospitali, majibu ya damu, wiki ya tatu sasa. Ugonjwa ulioandikwa pale watu wa mtaa hawakuutaja kwa jina. Walisema tu, fulani ana mdudu.

Alikuwa amejaribu kumwambia Mutheu jikoni, akaishia kuomba chumvi. Alijaribu tena kitandani, akaishia kuuliza kama mlango umefungwa. Sasa filamu ingemsemea. Mutheu akimhurumia rubani, angemwambia leo leo. Asipomhurumia, lori lilikuwa linaondoka Jumanne, na Malaba kuna vyumba vya kupanga.

Mutheu alikuwa fundi wa kushona, mtu wa kanisa, si wa vidio. Nzivo alikuwa amejiandaa kumbembeleza mchana kutwa.

"Twende," Mutheu alisema kabla hajamaliza kuuliza. Wakamwacha Muthoki, binti yao, kwa jirani.

Zedekiah aliweka kanda, akabonyeza, na picha zikaanza kukimbia: majina, mlango, watu wawili wakinywa chai kwa kasi ya kuku. Akaachia pale chombo kilipokuwa kinatua.

"Mwanzo hauna kitu," alimwelezea mgeni wake. "Mimi huupitisha tu."

Haikuchukua dakika kumi kesi ikaanza.

"Huyu mama amelala na mdudu mwezi mzima na pua haijui?" aliuliza Obonyo, anayefanya kazi ya maji kwa kaunsili ya jiji.

"Mimi ningemchoma," akasema Wathome, mchonga vinyago. "Yeye, kitanda na neti."

"Na asilie. Huyo mdudu alimtafuta mwenyewe huko safarini." Obonyo akamgeukia Nzivo nyuma. "Dere, hiyo nyota si ndiyo Malaba?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nzivo naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu anayengoja kutafsiriwa.

Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mutheu hakuwa akimwangalia rubani. Rubani alijikuna, akatapika, akalia bafuni, na yeye akawa anatengeneza mkunjo wa leso yake. Lakini kila mara mke wa rubani alipotokea, hata kwa kufua tu, Mutheu aliinama mbele, na mikono yake ikatulia.

Hakucheka hata mara moja. Hakusikitika pia. Nzivo alishindwa kuusoma uso ule aliokuwa ameuoa miaka saba.

Filamu ikaisha jinsi ilivyoisha siku zote, rubani amekaa gizani, mkewe amesimama mlangoni, hakuna aliyesema neno.

"Hiki ni kinyago kilichoachwa bila uso," Wathome alisema akijinyoosha.

"Mke angetoroka kwao," Obonyo akasema. "Mapema. Na sufuria zake."

Zedekiah aliichomoa kanda, akaiinua juu. "Haya, shemeji, wewe ndiye hakimu wa mwisho. Tuifute?"

Mutheu alifikiri. "Mkewe alikuwaje kabla ya safari?"

"Nani?"

"Mke wa rubani. Hapo mlipopitisha."

"Wee, hata mimi sijui. Tangu ije hapa hakuna aliyepatazama."

"Basi mmemhukumu mtu na kesi hamjaisikia," Mutheu alisema, akasimama.

Obonyo alipiga mluzi. "Dere, pole. Umeoa jaji."

Nje jua lilikuwa bado kali na mafundi wa mabati walikuwa wakigonga kana kwamba si Jumapili. Nzivo alitembea na mkono ndani ya koti. Karatasi ilikuwa imelowa jasho. Alijua kwamba asiposema kabla ya kufika mlangoni, hatasema tena.

"Mama Muthoki," alianza. "Yule rubani. Ungekuwa wewe ndiye mkewe, ungemfanya nini?"

Walipita karakana mbili, na mtoto akisukuma tairi.

"Ningemwomba anisamehe."

Nzivo alisimama. "Akusamehe wewe? Na yeye ndiye aliyemleta huyo mdudu nyumbani?"

"Hivyo ndivyo nilivyomwacha aamini," Mutheu alisema. "Majibu yangu mimi ya damu nilipewa mwaka juzi, Baba Muthoki."