Soketi ya Kila Nati

Colleen alitakiwa kazini saa moja kamili, na waya wa betri ya gari lake ulikuwa umelegea. Ilikuwa nati moja tu ya kukaza. Lakini baba yake, aliyetengeneza magari ya watu wa mji wa Toledo kwa miaka arobaini, bado alikuwa anapekua soketi, vile vichwa vya spana vya kukazia nati, gerejini.

"Baba, nachelewa. Tumia ile niliyokupa Siku ya Akina Baba."

"Kile kidude kinachojifanya kinaingia kila nati? Hicho ni cha watu wa kupamba gereji. Fundi anatumia saizi yake."

Aliokota soketi, akaigeuzageuza karibu na pua, akaiweka kando. "Hii ni saizi kumi na mbili. Nataka ya kumi, na hizo zinapotea kila siku, sijui nani anazila."

Colleen alivuta droo. Alidhani ataikuta zawadi yake bado imo kwenye pakiti. Badala yake, vile vijiti vya chuma vilivyojaa ndani ya mdomo wa soketi hiyo, vinavyorudi nyuma ili kuikumbatia nati ya saizi yoyote, vilikuwa vyeusi kwa grisi. Alivibonyeza kwa kidole. Vilirudi kwa ulaini, kama vitu vilivyozoea kazi.

"Kumbe unaitumia."

"Mara moja moja."

Ndipo Colleen akaitazama ile soketi baba aliyoiweka kando. Namba ilikuwa imechongwa kubwa ubavuni: kumi.

Colleen alikaza nati mwenyewe.

"Unavyoendesha wewe utachelewa tu," baba alisema nyuma yake. "Ngoja nikupeleke na gari langu."

Ufunguo wa baba ulining'inia kwenye msumari mlangoni. Colleen ndiye aliyekuwa karibu nao; akautwaa, akautia mfukoni mwake.