Pilipili Kwanza

Tangu asubuhi Bi Mtumwa, msuka mikeka, alikuwa akimchungulia jirani yake, Mzee Elazari. Mzee huyo Myahudi alikuwa amejenga kibanda uani, akakiezeka kwa makuti machache mno. Hatimaye uzalendo ukamshinda, akabisha hodi.

"Jirani, paa gani hili? Mvua ikinyesha je?"

"Ndivyo linavyotakiwa liwe," akajibu mzee. "Ni sikukuu yetu ya mavuno. Siku saba tunakula humu, na nyota sharti zionekane."

Mezani palikuwa na uzi, ndimu na pilipili nyekundu za kutunga mapambo. Mzee alijaribu kutunga, vidole vikakataa, ndimu zikabingirika sakafuni.

"Kazi hii ilikuwa ya marehemu mke wangu," akasema. "Mwaka huu nilitaka kuiacha."

Bi Mtumwa akavuta kigoda, akashika sindano. Ndimu moja, pilipili mbili, ndimu moja. Uzi ulipofika urefu wa mkono, mzee akatabasamu.

"Yeye alianza na pilipili."

Bi Mtumwa akafumua yote. "Haya, nielekeze. Pilipili, halafu?"

Mzee Elazari akafumba macho, akitafuta kilichofuata.