Kura Huanzia Jikoni

Siku hizi, sheria yoyote ya kulinda hali ya hewa huanzia kwa familia za wabunge walioiunga mkono, mwaka mzima, kabla ya kuwafikia wananchi. Ndiyo maana asubuhi ya hitima ya marehemu mumewe, jiko la Bi Salha, mama wa mbunge Shekue, lilikuwa limetiwa lakiri, lisiwashwe moto.

"Wifi, mwanao kapiga kura ya kuzima moto, sasa kaka tumsomee kwa tende tupu?" Bi Mize alimcheka.

"Msomeeni. Mungu hanusi pilau."

Walisoma, wakala tende, wakaondoka mapema. Bi Salha hakuona uchungu wala haya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwanawe asiogope kusema ndiyo.

Alasiri Shekue alipiga simu. "Mama, kesho tunapigia kura sheria ya kufunga maji. Nifanyeje?"

Bi Salha alilitazama birika lake la udhu. "Mito iliyokauka imerudi?"

"Haijarudi."

"Basi unajua la kufanya, baba."

Akakata simu. Akatoka uani, akachekecha mchanga safi wa kutayamamia badala ya maji ya udhu, akauweka kwenye sinia kando ya msala.